Sabu, seng'enge na chumba cha video Kikima: Tumerudi kutazama ECW

Wacha nikuulize kitu kwanza. Ulikuwa wapi siku ya kwanza kuona umati ukimrudishia John Cena shati lake?

Mimi nilikuwa Kikima. Kama unatoka pande za Mbooni unajua chumba ninachosema, ama unajua kingine kama hicho katika soko lenu. Kilikuwa nyuma ya duka, mabati juu na mabati kando, mabenchi manne ya mbao na runinga ya Greatwall juu ya kreti za soda. Mlangoni unatoa ashu. Siku nyingi tulitazama kung fu zilizotafsiriwa na DJ Afro, lakini Jumamosi mwenye video alikuwa akileta DVD ya kuchomwa, zile za finje zenye kumi ndani ya moja, imeandikwa kwa kalamu nene "WRESTLING MPYA". Nje kuna ukungu na ile baridi ya milimani inayokufanya uweke mikono kwapani. Ndani kuna joto la watoto arobaini.

Cena alikuwa mtu wetu. Nani kati yetu hakuwa akipunga kiganja mbele ya uso darasani mpaka akachapwa? Basi siku hiyo Cena anaingia ulingoni, anavua shati, anawarushia mashabiki. Shati linarudi. Analirusha tena. Linarudi. Anajaribu upande mwingine, linarudi tena na matusi juu. Kuna bango mle ukumbini linalosema Cena akishinda watazua fujo, na ukiangalia nyuso za wale watu unaona si mchezo. Sisi tukanyamaza kabisa. Hawa ni watu gani wanaokataa shati la John Cena?

Hiyo ilikuwa One Night Stand, Juni 11, 2006, katika ukumbi wa Hammerstein Ballroom, New York. Sisi tuliipata miezi mingi baadaye. Rob Van Dam alimshinda Cena usiku ule, kwa msaada wa Edge aliyejitokeza bila kualikwa, na watu wakaimba herufi tatu ambazo hatukuwa tumewahi kuzisikia zikiimbwa: E, C, W.

Nakuandikia haya kwa sababu mwaka jana, Mei 11, 2025, Sabu alifariki akiwa na miaka 60. Kama jina halikugusi, ni yule jamaa wa kilemba na suruali pana, mwili wote makovu, ambaye hakuwa akiongea hata neno moja. Habari ilipofika, grupu yetu ya WhatsApp ya wavulana wa Kikima, ambayo kwa kawaida ni ya michango ya harusi na matanga tu, ilijaa video usiku kucha. Mmoja yuko Pipeline, mwingine Syokimau, wawili Mombasa. Kila mtu alikuwa na yake ya kutuma. Desemba tuliporudi nyumbani tukaamua kukaa chini na kutazama ECW yote tunayoweza kuipata, kuanzia mwanzo, tukiwa watu wazima na bando zetu wenyewe.

Jambo la kwanza utakalogundua ukijaribu hivyo ni kwamba tulichokiona utotoni kilikuwa makombo. Tulidhani ECW ni ile ya runinga, ya kuanzia Juni 2006 hadi Februari 2010, ile iliyokuwa pia kwenye PlayStation ya mtaa katika SmackDown vs Raw 2008. Hiyo ilikuwa jina tu, limenunuliwa na WWE pamoja na kanda zake mwaka 2003. Haikuwa mbaya yote, sitasema hivyo. CM Punk alianzia huko, na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alipigana mara ya kwanza huko Januari 2008 wakimdanganya mtazamaji kwamba anatoka Jamaica. Kofi huyo huyo aliposhinda mkanda wa WWE Aprili 2019, kuna watu wazima katika grupu yetu waliolia. Siwataji.

Lakini ECW yenyewe, ile iliyowafanya watu wa New York wakatae shati, ilikuwa imekufa kabla sisi hatujajua kusoma.

Ilianza 1992 Philadelphia, jina lake Eastern Championship Wrestling, mali ya mfanyabiashara aitwaye Tod Gordon. Mwaka uliofuata akaja Paul Heyman kuandaa hadithi na mapambano. Ndiyo, huyo huyo mzee mwenye maneno mengi uliyemwona miaka yote akisimama nyuma ya Brock Lesnar na Roman Reigns. Agosti 27, 1994, Shane Douglas alishinda mkanda wa dunia wa NWA, chama kilichokuwa na heshima kwa miongo mingi. Akaushika, akausifu kidogo, kisha akautupa sakafuni kama chupa tupu. Siku chache baadaye ile "Eastern" ikawa "Extreme".

Ukumbi wao ulikuwa ghala la kuchezea bingo kusini mwa jiji, karibu na barabara kuu ya I-95. Watu elfu moja na kidogo, wamebanana kwenye viti vya kukunja. Nilipoona picha za ndani kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetarajia uwanja. Ni kama chumba chetu kimeongezwa ukubwa. Taa mbaya, jasho, na watu wale wale kila wiki. Kuna jamaa wa kofia ya ukindu anayekaa mstari wa mbele kila mara mpaka watazamaji wa runinga wakamjua kama wanavyowajua wanamieleka.

Na hapo ndipo nataka ukae nami kidogo. Tulipokuwa watoto tulitazama ulingo. Sasa nikirudia, macho yangu yanaenda kwa mashabiki. Mwanamieleka akiteleza, ukumbi mzima unamwimbia kwamba ameharibu. Akifanya kitu kizuri, hata kama ni yule mbaya wa hadithi, wanampigia makofi wakiwa wamesimama. Walikuja na silaha kutoka nyumbani, kikaango, gongo la mgonjwa, chochote, na wanamieleka wakapokea na kutumia. Agosti 13, 1994, Terry Funk aliomba kiti kimoja baada ya pambano lake dhidi ya Cactus Jack kuvurugwa na Public Enemy. Alipewa kimoja. Kisha kingine. Halafu viti vikaanza kunyesha kutoka kila upande wa ukumbi, makumi kwa makumi, mpaka Public Enemy wakafunikwa ulingoni chini ya rundo la chuma na mtangazaji akawa anawasihi watu waache. Hawakuacha.

Usidhani ni damu tu, maana hilo ndilo kosa la wengi wanaoisimulia. Rey Mysterio, ambaye kinyago chake tulikichora kwenye kila daftari la hesabu, alitambulishwa kwa Wamarekani wengi na ukumbi huo mwaka 1995. Steve Austin alifika hapo mwaka huo huo baada ya kufutwa kazi na kampuni kubwa ya WCW, bado ameumia mkono, akapewa maikrofoni aseme lolote analotaka. Yule Stone Cold uliyemjua alizaliwa katika maneno hayo. Na Agosti 26, 1995, Eddie Guerrero na Dean Malenko walipigana mara ya mwisho kabla ya kuhamia WCW. Hakuna meza iliyovunjika. Ni mieleka tupu, na mashabiki walewale wa kikaango na viti wakawaimbia wasiondoke. Eddie analia. Tulipoitazama Desemba, fundi mmoja wa grupu yetu, jitu la kubeba simiti, alitoka nje akasema anaenda kuangalia kama mvua imeisha. Mvua haikuwa imenyesha.

Sasa twende kwa lile swali. Unalijua, kwa sababu ulipigana nalo ukiwa darasa la tano: hii kitu ni ya kweli ama ni sinema? Kikima kulikuwa na kambi mbili. Moja iliamini kila kitu, mpaka ile ya Undertaker kufa mara saba. Nyingine iliongozwa na kijana mmoja aliyekuwa na kaka Nairobi, na kaka amemwambia ni maigizo, damu ni rangi. Tuliwahi kurushiana mawe kwa sababu ya jambo hili.

Nikirudia kanda hizi naona kambi zote mbili zilikosea. Mshindi alikuwa amepangwa, ndiyo. Damu haikuwa rangi.

Chukua Agosti 9, 1997, Sabu dhidi ya Terry Funk. Waliondoa kamba zote za ulingo wakafunga seng'enge. Wewe mtoto wa Mbooni sihitaji kukueleza seng'enge ni nini. Umeruka ua wa shamba la mtu ukifuata mpira ama parachichi, na kovu unalo mpaka leo. Basi Sabu alijirusha kwa mwendo kumfuata Funk, Funk akasogea, na mkono wa Sabu ukapasuka kwenye misuli ya juu mpaka nyama ikaonekana. Aliomba tepu. Akajizungushia mwenyewe, tepu ya kawaida ya wanamichezo, akaendelea na pambano na akashinda mkanda. Mwishoni walikuwa wamenaswa pamoja ndani ya waya mpaka wakakatwa na koleo ndipo watoke.

Katika sebule ile tulikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa aliyepaswa kuwa amelala. Akauliza, "Anko, hii ni ya kweli?" Watu wazima saba, hakuna aliyejibu haraka. Nikamwambia mkono ni wa kweli. Akafikiri kidogo. "Sasa alilipwa ngapi?"

Hilo swali lake limenisumbua kuliko lile letu la mawe. Kwa sababu jibu, ukilifuatilia, si zuri. Kuelekea mwisho wa ECW hundi za mishahara zilikuwa zikirudishwa na benki, nyingine hazikuja kabisa. Walipata nafasi ya kuonyeshwa kitaifa kwenye runinga ya TNN Agosti 1999, wakadhani wametoboa, lakini Oktoba 2000 kipindi kikaondolewa na TNN ikawachukua WWF badala yao. Pambano la mwisho lilikuwa Januari 13, 2001, Pine Bluff, Arkansas, mji ambao hata Wamarekani wengi hawajaufika. Machi, Heyman alikuwa tayari ameketi kwenye meza ya watangazaji ya WWF. Aprili 4, 2001 karatasi za kufilisika ziliwasilishwa mahakamani: deni karibu dola milioni 8.9, mali haifiki milioni 1.4. Katika orodha ya wanaodai kulikuwa na Rob Van Dam, dola 150,000, na Tommy Dreamer, dola 100,000.

Wewe uliyewahi kufanya kazi miezi mitatu ukiambiwa "pesa inakuja, wacha tujenge kampuni kwanza", unaijua hii hadithi. Heyman alikuwa na kipaji cha kumfanya mtu aamini kwamba anapigania kitu kikubwa kuliko mshahara. Na walikiamini, na mimi nikitazama naona walikuwa sahihi kwa nusu: walichotengeneza kilibadilisha mieleka yote, WWF na WCW zikakinakili waziwazi. Nusu nyingine ni kodi ya nyumba.

Kuna mambo mabaya kuliko deni. Novemba 23, 1996, huko Revere, Massachusetts, mwanamieleka mmoja hakufika, na kijana fulani akajitolea kuchukua nafasi yake. Alisema ni mtu mzima mwenye mafunzo. Alikuwa na miaka 17 na hakuwa na mafunzo ya maana. New Jack alimkata paji la uso kwa wembe wa daktari, kidonda kikaenda ndani sana, na kwenye kanda unamsikia baba yake akipiga kelele kwamba mtoto wake ni wa miaka 17. New Jack alishtakiwa na mwaka 1999 mahakama haikumpata na hatia. Hiyo kanda mtu aliituma kwenye grupu na emoji ya moto. Nilimwambia aifute, tukakosana siku mbili. Bado nasema aifute.

Na kuna vichwa. Utotoni, kiti kikigonga kichwa tulishangilia mlio. Chris Benoit alipita ECW miaka ya 1994 na 1995 kabla ya kuwa mkubwa. Juni 2007 alimuua mkewe na mtoto wao mdogo, kisha akajiua, na madaktari waliochunguza ubongo wake waliukuta umeharibika vibaya kwa mapigo ya miaka mingi. WWE ilipiga marufuku viti vya kichwa mwaka 2010. Kwa hivyo siku hizi mlio ule ukija mimi hushusha sauti. Wenzangu hunicheka, sawa tu.

Sabu naye? Aprili 18, 2025, Las Vegas, akiwa na miaka 60, aliingia tena kwenye ulingo uliozungushiwa seng'enge kupigana pambano la kumuaga, dhidi ya Joey Janela. Aliishi wiki tatu na siku mbili baada ya hapo. Nimeitazama mara moja. Anatembea kama mzee anayeshuka matuta ya shamba asubuhi, mguu kwanza, halafu anangoja mwili ufuate. Watu wanaimba jina lake. Sijui nikwambie nilihisi nini, maana nilikuwa naimba pia, peke yangu, na earphone masikioni ndani ya matatu ya kwenda Umoja.

Nisikudanganye kwamba sisi tulikuwa watazamaji tu. Karibu na soko kulikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi ambalo lilikaa miezi bila nyumba kujengwa, na hilo ndilo lililokuwa ulingo wetu. Mwenzetu mmoja alipanda ukuta akaruka mikono imenyooka kama Sabu, na sisi tuliokuwa tumepanga kumdaka tukasogea kama Funk. Akavunjika mfupa wa bega. Tulimfunga na sweta ya shule na tukakubaliana kusema ameanguka kwenye mti wa parachichi. Mamake hakuamini hata dakika moja. Leo anaendesha bodaboda Machakos, na baridi ikija bega linamwambia mapema kuliko idara ya hali ya hewa. Desemba ndiye aliyeshika rimoti. Hakuna mtu aliyefurahia kuliko yeye.

Pengine umewaona kwenye TikTok wale vijana wa Soft Ground Wrestling, Mukono, Uganda. Ulingo wao ni matope, nguzo ni mianzi, kwa sababu ulingo wa kisasa ni ghali. Aliyewaanzisha, Daniel Bumba anayejulikana kama Bumbash, alikuwa akiwatangazia Waganda mieleka ya Marekani kwa Luganda. Unaona njia ilivyozunguka? Kutoka kwa ghala la bingo hadi DVD ya finje hadi matopeni Mukono. Wanaruka vizuri kuliko sisi, na matope yanapokea mwili kuliko mchanga wa ujenzi. Mpwa wangu sasa anawafuatilia. Ninapomwona akitazama, ninataka awapende na ninataka aendelee kuuliza lile swali lake la pesa, vyote viwili.

Ghala lenyewe bado lipo, sasa linaitwa 2300 Arena. Novemba 6, 2024 WWE ilipeleka NXT pale kwa usiku wa kukumbuka ECW, wazee wakaja na nywele za mvi, ukumbi ukaimba zile herufi tatu kama zamani. Nzuri, lakini usianzie hapo.

Ukitaka kuanza, anza na Barely Legal, Aprili 13, 1997, mara yao ya kwanza kuuza pambano moja kwa moja kwa runinga za kulipia. Terry Funk ana miaka 52 na anashinda mkanda, damu imemfunika uso, anakumbatiana na mashabiki. Sekunde chache baada ya matangazo kuisha, transfoma ililipuka na stima ikapotea ukumbi mzima. Mwenye video wetu angeelewa; yake ilikuwa ikipotea dakika tano kabla ya mwisho, na ashu harudishi.

Kisha nenda kwa One Night Stand ya kwanza, Juni 12, 2005, kuliko ile ya shati la Cena. Tafuta nakala yenye muziki wake, ambapo Sandman anaingia kupitia kwa watu na fimbo yake na keroro, na ukumbi wote unaimba wimbo wa Metallica. Kanda nyingi za zamani zimebadilishwa nyimbo, kwa kuwa ECW haikuwa ikilipia haki za muziki, na Sandman akiingia na mlio wa kompyuta utadhani simu ya mtu inalia. Baada ya hapo, Guerrero na Malenko. Weka kitambaa karibu.

Ile ya seng'enge iache mpaka watoto walale kweli. Ukidhani wamelala, angalia tena.